Msomaji wa dirishani: kisa cha sehemu ya watoto katika maktaba ya umma

Kisa hiki kilitokea katika maktaba ya umma ya mji mmoja wa bara, Tanzania, nilipokuwa msimamizi wa sehemu ya watoto. Sitautaja mji, maktaba yenyewe, wala mtu yeyote aliyehusika. Mambo machache madogo nimeyageuza ili mama na watoto wake wasitambulike. Nakiandika kwa ajili ya wakutubi wenzangu, hasa vijana wanaotoka chuoni na kupangiwa sehemu ya watoto wakidhani wamepewa kazi nyepesi. Mimi pia nilidhani hivyo.

Mazingira

Maktaba yetu ilikuwa na vyumba viwili vya kusomea. Kikubwa kilikuwa cha watu wazima, ingawa watu wazima wenyewe walikuwa wachache. Viti vilijaa wanafunzi wa sekondari na wa vyuo waliokuja na madaftari yao, wakikaa tangu asubuhi mpaka tunafunga. Walichokifuata pale ni meza, taa na utulivu. Vitabu vya rafuni hawakuvigusa sana. Aliyewahi kufanya kazi katika maktaba ya mkoa au ya wilaya anaijua hali hiyo.

Cha watoto kilikuwa kidogo, stoo ya zamani iliyopakwa rangi. Kilikuwa na rafu fupi, meza mbili, viti vya kimo cha mtoto na dirisha moja lenye nondo na wavu wa mbu, linalotazama barazani. Hakikuwa na mlango wa nje. Ili mtoto akifikie ilimbidi apite katikati ya chumba cha wakubwa, huku anatazamwa. Kumbukeni mpangilio huo, kwa sababu nusu ya matatizo nitakayoeleza yalianzia hapo.

Soko kuu lilikuwa jirani, mwendo wa dakika tatu. Shule za msingi za karibu zilikuwa na mikondo miwili, wengine wakisoma asubuhi na wengine mchana. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 madarasa yalikuwa yamefurika, na kitabu kimoja cha kiada kiligombewa na watoto kadhaa. Mtoto wa mkondo wa asubuhi alitoka shule saa sita na nusu. Mama yake alikuwa gengeni mpaka magharibi. Saa hizo zote katikati, mtoto alikuwa mtaani.

Masharti ya uanachama yalikuwa ya kawaida: fomu, picha 2 za pasipoti, ada ndogo ya mwaka, na mdhamini mwenye mhuri wa mwajiri au wa serikali ya mtaa. Kitabu kikichelewa, faini ya kila siku. Kikipotea au kuharibika, mzazi alipe bei yake. Kila mwisho wa mwezi tulijaza taarifa yenye wanachama wapya, vitabu vilivyoazimwa na vitabu visivyorudi. Hapakuwa na safu ya watoto waliofika mlangoni wakarudishwa, hivyo idadi yao hatukuijua.

Kuhusu vitabu vyenyewe, sehemu kubwa ya rafu ilikuwa na vitabu vya Kiingereza vilivyoletwa kwa msaada kutoka ng'ambo. Vilikuwa vizuri, vya karatasi nzito na picha za theluji, na vilikaa safi kama vilivyoletwa. Mtoto wa darasa la tatu anayefundishwa kwa Kiswahili atavifanyia nini zaidi ya kutazama picha? Vya Kiswahili vilikuwa safu moja na kipande. Vingi vilichapwa miaka ile ambayo Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, ulikuwa ukiwasaidia wachapishaji wa hapa nyumbani kutoa hadithi za watoto kwa Kiswahili. Zile ngano zilizopangwa kwenye namba 398.2, namba ya ngano katika mpangilio wa vitabu wa Dewey, zilikuwa zimebandikwa gundi juu ya gundi mpaka migongo imekuwa migumu kama mbao.

Yaliyotokea

Ilianza wakati wa masika. Watu waliokuwa wakipita walijikinga mvua kwenye baraza letu, miongoni mwao msichana wa miaka kama 10, mwenye sare ya shule, na mdogo wake wa miaka 2 hivi mgongoni kwa kanga. Nitamwita Dada, kwa kuwa ndivyo mdogo wake alivyomwita. Mvua iliisha, yeye akabaki. Kesho yake hapakuwa na mvua, na alikuja tena.

Sikumtilia maanani. Aliyenifungua macho ni mvulana mmoja mwanachama aliyependa kukaa meza ya dirishani. Nilipita nikamwambia afunge kitabu, saa zimekwisha. Akanijibu, "Mwalimu, yule wa nje hajamaliza."

Nikasimama kutazama. Kitabu kilikuwa wazi mezani, kimemwelekea mvulana. Dada alikuwa upande wa pili wa wavu akikisoma juu chini. Mvulana alipotaka kufunua ukurasa kabla yeye hajaumaliza, Dada aligonga wavu kwa ukucha mara moja, na mvulana akangoja. Alipomaliza alitikisa kichwa, ukurasa ukafunuliwa. Walikuwa wamekwisha kusoma hadithi kadhaa kwa mtindo huo bila kujuana majina. Mgongoni, mdogo alikuwa amelala.

Nilimwita aingie. Alizunguka mpaka mlango mkuu, mlinzi akamzuia. Hana kadi, ana mtoto mgongoni, kandambili zina matope. Mlinzi alikuwa mzee wa watu, hakuwa na ukali wowote, akanionyesha tu karatasi iliyobandikwa mlangoni: WANACHAMA TU. WATOTO WADOGO HAWARUHUSIWI. Mwandiko ulikuwa wangu. Niliiandika wiki ya kwanza niliporipoti kazini, kwa sababu msimamizi aliyenitangulia alikuwa na iliyofanana nayo.

Siku hiyohiyo nikaamua kumwandikisha. Picha nilizisamehe, udhamini nikausaini mwenyewe, ada nikaitoa mfukoni. Nilijiona nimetenda wema na nimelimaliza jambo.

Kwa wiki tatu mambo yalikwenda vizuri. Aliazima kitabu kimojakimoja na kukirejesha siku ya pili, kimefungwa kwenye gazeti kama samaki. Mdogo alibaki sokoni kwa mama saa hizo, kwa maana ile karatasi ya mlangoni sikuwa nimeiondoa. Halafu Dada akapotea. Tarehe ya kurejesha ikapita, wiki ikapita.

Ofisi ilikuwa na barua ya ukumbusho iliyokwisha chapwa, unajaza jina, namba ya kitabu na kiasi kinachodaiwa. Barua za wanafunzi zilipelekwa kwa mkono shuleni kwao. Mwisho wa mwezi nilisaini rundo zima bila kusoma majina, na yake ilikuwamo. Mwalimu wa darasa aliisoma mbele ya wenzake. Nadhani hakuwa na nia mbaya, alitaka wengine waonyeke.

Baada ya siku mbili mama alikuja. Alikuwa muuza nyanya na vitunguu, kijana kuliko nilivyotarajia, na vidole vyake vilikuwa bado na udongo wa vitunguu. Alisalimia kwa adabu, akaweka mezani kitabu na noti chache zilizokunjwa. Kitabu kilikuwa kimelowa. Walikuwa wakilala chini ya paa linalovuja, na kurasa zilikuwa zimeshikana zikawa tofali.

"Mwalimu, hii ndiyo mauzo ya leo," alisema. "Iliyobaki nitaleta Jumamosi. Ila mtoto nimemkataza, asije tena hapa. Kitabu kimoja kinakula mtaji."

Nilizipokea zile noti. Sikuwa na neno jingine la kusema, na mpaka leo najuta kwamba nilizipokea.

Maneno ya mama yalifika sokoni kabla yake. Katika wiki mbili zilizofuata, watoto wa wauza mboga, wa mama lishe na wa washona viatu walirudisha kadi. Wengine walikuja na wazazi wao, wakaweka kadi mezani na kusema wanashukuru. Daftari la mahudhurio la sehemu ya watoto, lililokuwa likionyesha majina 30 na zaidi kwa siku za kawaida, siku moja lilikuwa na majina 7. Wote 7 walikuwa watoto wa watumishi.

Maamuzi na sababu zake

Nilikwenda kwa mkuu wa maktaba na daftari mkononi. Nilitaka faini za watoto zifutwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: "Mkaguzi akija akauliza kitabu kiko wapi, nitamwonyesha nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kitabu cha maktaba ni mali ya umma. Kikikosekana bila maelezo, anayejibu ni yeye, na watumishi wamewahi kukatwa mishahara kwa mali isiyoonekana. Wengi wetu tunaopigania huduma za watoto huwaona wakuu wetu kama watu wasiojali, kumbe wanaogopa jambo halisi. Mazungumzo yetu yalifika mahali pale tu nilipoacha kumweleza habari za huruma na tukaanza kuongea habari za leja.

Jibu lilikuwamo katika taratibu zetu wenyewe. Kila maktaba ina njia ya kuondoa vitabu chakavu. Kitabu kinakaguliwa, kinapigwa mhuri, kinaandikwa kwenye orodha ya vilivyoondolewa na kufutwa kwenye leja kwa saini mbili. Tuliitumia kwa vitabu vilivyoliwa na mchwa. Hakuna palipoandikwa kwamba kitabu kilicholoweshwa na mtoto hakiwezi kupita njia hiyohiyo, mradi kimerudi, hata kikiwa tofali. Mkuu alifikiri, akasema: kilichorudi kimeharibika, tutakiandika chakavu. Kisichorudi kabisa, mzazi atafuatwa. Hapo alikuwa amekwisha kunipa zaidi ya nilichotegemea kupata.

Kwa majaribio ya miezi mitatu tukakubaliana haya. Mtoto yeyote aruhusiwe kuingia na kusoma humohumo bila kadi wala ada, aandike tu jina na darasa kwenye daftari. Kadi ibaki kwa anayetaka kwenda na kitabu nyumbani. Faini ya kuchelewa isitozwe kwa mtoto. Aliyeharibu kitabu aje Jumamosi asubuhi kwenye siku ya gundi, akae na mimi tutengeneze vitabu, chake na vingine. Mwenye mdogo wake aingie naye. Na barua za ukumbusho zisipite tena shuleni.

Ile karatasi ya mlangoni niliibandua mwenyewe.

Uamuzi mmoja ulitokana na uhaba. Vitabu vya Kiswahili vilikuwa vichache, na nilijua watoto wakirudi wengi watavimaliza kwa mwezi. Sokoni palikuwa na bibi muuza ndizi aliyejulikana kwa hadithi. Nilimwendea, nikamwamkia, nikamwomba aje mara moja kwa juma awasimulie watoto. Akacheka, akaniuliza kama maktaba ni mahali pa watu wasiojua kusoma. Nikamwambia ndiyo, nao pia. Alikubali kuja Jumatano saa tisa alasiri, saa ambayo wateja wake ni haba. Hakutaka posho. Aliomba tu mtu wa kumwangalizia meza yake.

Lililonitia hofu kuliko yote lilikuwa kwenda kwa mama wa Dada. Nilimkuta akipanga nyanya mafungu, tano tano, na kila fungu akiligeuza ili upande mwekundu uwe mbele. Nilimrudishia noti zake, kwani nilikuwa sijazikatia risiti, na nikamwomba radhi kwa barua kusomwa darasani. Hakuacha kupanga. Alipomaliza meza yote ndipo aliponitazama, akaniambia binti anaweza kuja kwa sharti moja: kitabu kisivuke mlango. Asome hukohuko. Nilitaka kumshawishi, nikajizuia. Yeye ndiye aliyejua paa lake linavuja wapi.

Dada alirudi siku ya tatu, na mdogo mgongoni.

Mgogoro na wasomaji wakubwa

Jumatano ya kwanza walikuja watoto wachache. Ya tatu hawakuenea chumbani. Bibi alipaaza sauti, "Paukwa!" na watoto wakaitikia "Pakawa!" kwa nguvu zao zote. Kwenye chumba cha wakubwa, wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wamebakiza wiki chache tu kabla ya mtihani wa taifa.

Walikuja watatu kulalamika. Mmoja alisema kwa upole maneno ambayo sijayasahau. Kwao wanaishi sita chumba kimoja, umeme hamna, na kama maktaba nayo ikiwa na kelele, yeye hana mahali pengine mjini pa kusomea. Sikuwa na la kumjibu. Alichokuwa akikitafuta ni kilekile alichokitafuta Dada, yaani mahali pakavu penye mwanga ambapo hakuna atakayemfukuza.

Tulijaribu mwembe wa uani. Palifaa mpaka mvua za vuli zilipoanza. Tulikuwa na ukumbi mdogo wa mikutano uliofungwa kwa ajili ya wageni rasmi, na kwa miezi yote niliyokuwa pale niliuona ukitumika mara mbili. Kuupata ufunguo wake kulichukua wiki sita. Nani atawajibika viti vikivunjika? Nani atafagia? Itakuwaje mgeni akija ghafla? Hatimaye mkuu aliamua kwa mdomo kwamba Jumatano ukumbi ni wa watoto. Ukumbi ulikuwa na mlango wake wa nje, na hilo lilimaliza ugomvi kuliko mazungumzo yote. Watoto hawakupita tena katikati ya meza za wakubwa.

Matokeo

Mpaka mwisho wa ile miezi mitatu, watoto walikuwa wamerudi na kuzidi idadi ya zamani. Wengi wa wapya hawakuwa na kadi na hawakuwahi kuitaka. Vitabu vya Kiswahili vilichakaa haraka sana, jambo lililomtia mkuu wasiwasi, ila kati ya vilivyokwenda majumbani ni viwili tu ambavyo havikurudi kabisa. Vya Kiingereza viliendelea kung'aa.

Siku ya gundi ilipata wapenzi ambao sikuwatarajia. Watoto ambao hawakuharibu chochote walikuja kuomba kushona. Nilikuwa nimeleta uzi, sindano nene na gundi ya mbao, na nikawafundisha kutoboa mkunjo wa karatasi kwanza kwa msumari ili sindano isipasue. Mtoto aliyeshona kitabu alikilinda kuliko nilivyokilinda mimi. Kile kilichokuwa tofali hakikuokoka, lakini Dada alisaidia kuokoa vingine kadhaa.

Yeye mwenyewe aligeuka msomeshaji. Wadogo wa darasa la kwanza walimzunguka mkekani, akawasomea huku kitabu amekigeuza kiwaelekee wao, yeye akikisoma juu chini bila kukwama. Wenzangu walishangaa ujuzi huo ametoa wapi. Mvulana wa dirishani alijua.

Mama yake alipita siku moja jioni kuwachukua. Hakuingia, alisimama mlangoni na kapu lake. Aliniambia, "Nikijua wako hapa, nauza mpaka magharibi bila kugeuka nyuma." Sikuwa na safu ya kuliandika jambo hilo kwenye taarifa ya mwezi.

Hatukufanikiwa kwa wote. Wavulana wa miaka 12 na kuendelea walikuja wiki za mwanzo wakaacha. Hatukuwa na kitabu cha Kiswahili cha umri wao. Ngano za sungura na fisi waliziona za kitoto, na riwaya za wakubwa zilikuwa chumba kingine walikohitaji kadi. Baada ya likizo ndefu ya mwisho wa mwaka Dada hakurudi. Niliuliza sokoni nikaambiwa mama amehamia soko jingine, pengine wilaya nyingine. Sikumpata.

Uchambuzi

Naanza na kosa langu kubwa, kwa sababu kwa nje lilionekana jema. Kumlipia ada Dada kutoka mfukoni kulimfanya awe mtu wangu, badala ya kuwa msomaji wa maktaba kama wengine. Alipokuja tena nilimuuliza kwa nini hakuniletea kitabu kilipolowa, mapema, tukakianika. Alinijibu akitazama chini: "Niliogopa utaona umenilipia bure." Mtoto asiyedaiwa wema wa mtu angekuja siku ya pili na kitabu kinachotiririka maji, na labda kingepona. Nilimwongezea deni ambalo halimo kwenye leja yoyote. Zaidi ya hayo, nilipomwingiza yeye niliwaacha wengine wote walioishia barazani, wasio na mvulana wa kuwafunulia kurasa. Kama masharti yanamzuia mtoto unayemwona, yanawazuia wengi usiowaona, na dawa yake ni kuyagusa masharti.

Kuhusu ada, najua hoja ya kwamba ni ndogo. Ilikuwa ndogo kweli. Picha 2 zilizidi ada, na mhuri wa mtaa ungemgharimu mama nusu siku ya biashara. Tulikuwa tukihesabu bei ya kadi kwa kilichoandikwa kwenye risiti, mama akiihesabu kwa mafungu ya nyanya ambayo hayakuuzwa. Ilani ya UNESCO ya maktaba za umma, iliyotolewa mara ya kwanza 1949 na kuandikwa upya mwisho 2022, inasema huduma ya maktaba ya umma kwa kanuni iwe bure. Hapa kwetu sheria ya kuanzisha bodi ya maktaba ilitungwa 1963, miaka 2 tu baada ya uhuru wa Tanganyika, na Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya sherehe za uhuru. Siku hiyo haikuchaguliwa ovyo. Taifa lililokuwa na walimu wachache na vitabu vichache zaidi liliona nyumba ya vitabu iliyo wazi kwa kila mtu ni sehemu ya uhuru wenyewe. Nikiikumbuka tarehe hiyo naona aibu kwa karatasi niliyoibandika.

Faini nazo tulizitetea kwa miaka kwamba ndizo zinazorudisha vitabu. Katika kisa hiki zilifanya kinyume. Zilimfanya mtoto akifiche kitabu, zikarudisha kadi na kuwaondoa wasomaji. Wenye maktaba kubwa kuliko zetu wameliona hilo. Jiji la Chicago lilifuta faini za kuchelewa mwaka 2019, na vitabu vilivyokuwa vimekaa majumbani muda mrefu vikaanza kurudi, kwa sababu wenyewe hawakuogopa tena kuonekana mlangoni. Hali zetu na zao si sawa hata kidogo, ila aibu ya kudaiwa mbele za watu ni ileile.

Barua kupitia shuleni ni kosa la kiofisi ambalo kila mtumishi anaweza kulifanya kesho asubuhi. Rundo linasainiwa, mjumbe analipeleka, na hakuna aliyekusudia ubaya. Rekodi ya mtoto kuhusu alichoazima na anachodaiwa ni siri kati yake, mzazi na maktaba. Sisi tunaitunza siri ya mtu mzima bila kuambiwa, ya mtoto tukaipeleka ikasomwe mbele ya darasa.

Kilichofaa zaidi ya nilivyopanga ni mkeka. Nilidhani nafungua chumba cha kusomea, kumbe kwa wazazi wa sokoni nilikuwa nafungua mahali pa watoto kukaa salama saa zile ambazo hakuna mtu. Kusoma kulikuja baada ya usalama. Mdogo wa Dada, aliyekuwa akilala kwenye kona ya mkeka, hakuwahi kuhesabiwa kama msomaji. Lakini katika mwezi wa pili wa majaribio alikuwa akichukua kitabu rafuni, anakishika upande sahihi, anafunua na kusema "paukwa" kwa kila ukurasa. Ningeombwa kumweleza mkurugenzi maktaba ya watoto ina faida gani kwa mji, ningeanza na huyo, kisha mauzo ya mama yake mpaka magharibi, halafu ndipo nitaje vitabu vilivyoazimwa. Kwa sababu hiyo tuliongeza safu mbili kwenye daftari, waliosoma bila kadi na waliorudishwa mlangoni, kila mmoja na sababu yake. Safu ya pili ilimshtua mkuu kuliko hotuba zangu zote. Wiki ya kwanza ilikuwa na majina mengi, maana mlinzi alikuwa bado na mazoea ya zamani.

Bibi wa hadithi alifanya kazi ambayo sisi wenye vyeti tusingeiweza. Akina mama walimjua. Alipowaambia kule maktaba hakuna tena mambo ya faini, walimwamini. Mimi ningewaambia hivyohivyo wangengoja barua. Na hadithi zake zilirudisha watu rafuni. Aliposimulia ngano iliyomo kitabuni, kesho yake watoto walikuja kukitafuta kile kitabu ili waone kama "kimekosea".

Lakini hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa kazi yote. Mipango ilisimama juu ya watu na haikusimama juu ya maandishi. Makubaliano na mkuu yalikuwa ya mdomo. Ufunguo wa ukumbi ulikuwa kwa hisani. Bibi nilimwendea mimi, meza yake ya ndizi aliiangalia kijana niliyemwomba mimi. Vitabu vya wavulana wakubwa niliviomba kwa maneno na sikuandika ombi. Mwaka uliofuata nilipata uhamisho, na kwenye taarifa ya makabidhiano niliandika idadi ya rafu, viti, mihuri, chupa za wino na vitabu kwa namba za leja. Jumatano sikuiandika.

Mwenzangu aliyenipokea alifanya kazi kwa uaminifu kwa yale aliyokabidhiwa. Safu za daftari ziliendelea kwa kuwa zilikuwa zimechorwa. Ukumbi ulifungwa tena. Ilipita miezi kadhaa, ndipo alasiri moja akaona mwanamke mzee amesimama barazani na sinia la ndizi, hataki kuuza. Akamwamkia na kumuuliza amsaidie nini. Bibi akamjibu kwa swali: "Wale wangu wa Jumatano mmewapeleka wapi?"